Barua Niliyokurudishia

Mjukuu wangu mpenzi,

Sisi hatujambo, na paa la chumba chako limekwisha ezekwa. Bibi yako anaulizia barua zako kila siku. Najua kwa nini uliacha kuandika: ile ya mwisho niliisahihisha kwa wino mwekundu nikakurudishia, kama daftari la mwanafunzi.

Jana bibi alinisuta: "Mwalimu, Kiswahili cha huko aliko kimekua kivyake, kama mtoto aliyelelewa kwa shangazi. Wewe mwenyewe, babu yako akifufuka leo atakuelewa?"

Nikamkumbuka babu. Marehemu alinikaripia kila nilipotumia maneno haya haya ninayoyafundisha leo.

Nisamehe. Tuandikie kama mnavyosema huko. Nisipoelewa nitauliza, nawe utanifundisha.

Babu yako akupendaye