Ngozi ya Mazoezi

Nduta, nimeaibika. Nimeaibika kabisa!

Si unajua leo nilikuwa naenda ile shule ya Matinyani, huko Kitui, kuwaambia wasichana hata wao wanaweza kuwa madaktari wa upasuaji? Nikawabebea vipande vya ngozi ya nguruwe kutoka Nairobi, wajaribu kushona kidonda.

Msichana mmoja, Sauda, ndiye alikimbia kukaa mbele. Sauda, Nduta! Na hijabu yake kichwani, na mimi sikufikiria!

Akashona vizuri kuliko wote. Halafu akauliza, "Daktari, hii ni ya mbuzi, sivyo?"

Ikabidi nimwambie ni ya nguruwe.

Akaweka sindano chini. Mikono akaiacha hewani, hajui aiweke wapi.

Kitui imejaa mbuzi, na mimi nikabeba nguruwe!

Nikamwomba msamaha. Akaniuliza polepole, "Kwani bila nguruwe mtu hawezi kuwa daktari?"