Ngozi Niliyoifunga kwenye Fimbo ya Gidioni

Singida mjini, Jumamosi, Juni 1967. Jioni, jua bado halijazama.

Upepo wa leo umekuja na vumbi na baridi kwa pamoja, na tangu Gidioni atoke kwenda mazoezi ya kwaya sijatulia mahali. Nimefagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Nimekwenda kuangalia kama maji yamechemka, kumbe moto wenyewe sijawasha. Sasa nimekaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma niandike. Labda mkono ukitembea, miguu itatulia.

Nina furaha. Niliandike hilo kwanza, nisije nikajisahau. Nimeolewa tangu baada ya Pasaka, na mpaka leo nikiisikia sauti ya Gidioni njiani akisalimiana na majirani, moyo unaruka kama wa msichana anayesubiri jina lake lisomwe shuleni. Ana mabega mapana. Ana sauti ya chini, ya kutuliza. Akinipita jikoni hakosi kunigusa mkono, kama mtu anayehakikisha kwamba bado nipo. Wasichana niliosoma nao sekondari waliniambia kwamba mwanamume akishaoa hubadilika. Gidioni wangu hajabadilika. Hajanuna, hajagomba, hajanitolea hata kasoro moja.

Leo nimejua kwa nini, na ndiyo maana situlii.

Gidioni ni karani katika ofisi ya mifugo, upande wa ngozi. Alipokuwa kijana alimbebea ofisa mmoja Mzungu mfuko wa fimbo za gofu, kwenye kile kiwanja cha nyuma ya boma ambacho hakina majani. Kuzunguka mashimo wanamwaga mchanga uliochanganywa na oili ili mpira ubingirike. Uhuru ulipokuja ofisa yule alirudi kwao, akamwachia fimbo moja ya chuma. Moja tu. Wenzake wa Jumamosi, yaani bwana shamba, mganga wa hospitali, na Bwana Karim mwenye duka la vitambaa, wana mifuko iliyojaa fimbo. Gidioni hucheza kila kitu na hiyo moja yake, na kabla hatujaoana alikuwa anawashinda wote.

Siku zile za mwanzo za ndoa niliona mpira wa mshikio wa fimbo yake umepasuka na unamomonyoka. Nikaamua kumpa zawadi. Babu yangu kule Iguguno ana fimbo ya kuchungia iliyofungwa ngozi nene mahali pa kushika, na kwetu Iramba unene huo ni heshima; fimbo ya mtu mwenye ng'ombe haifungwi kijikamba chembamba. Basi nikatafuta mabaki ya ngozi ya ng'ombe, nikayaloweka, nikayazungusha tabaka juu ya tabaka, nikashona kwa uzi wa katani ngozi ikiwa bado mbichi ili ikikauka ijikaze. Vidole vilinitoka damu. Lakini jamani, ilitoka nzuri! Gidioni aliipokea kwa mikono miwili, akainusa, kisha akanikumbatia mbele ya mama yake mzazi, jambo ambalo kwao halifanyiki.

Tangu siku hiyo hajashinda tena.

Sikuunganisha mambo hayo mawili. Nilidhani ni ndoa. Kusema kweli nilijisifu moyoni, nikafikiri ni mimi ninayemchanganya akili.

Leo mchana, tulipomaliza zamu yetu kwenye shamba la pamoja la wafanyakazi, nilimfuata kiwanjani kama kila Jumamosi. Upepo ulinisukuma hadi nyuma ya jiwe kubwa, nikakaa pale na kofia yake magotini. Gidioni akapiga. Mpira ukaruka chini chini kama panzi aliyevunjika mguu, ukaja kupotelea kwenye mawe karibu na mimi. Wakaja kuutafuta, yeye na Bwana Karim. Hawakuniona.

"Hebu lete nione hiyo fimbo," Bwana Karim alisema. Kisha nikamsikia akiguna. "Mama wee! Hii fimbo au mchi?"

"Iache, Bwana Karim."

"Nani kafunga hii ngozi? Hapa kuna viatu viwili vizima!"

"Mke wangu."

Bwana Karim akakohoa. "Ah. Imeshonwa vizuri sana." Halafu akashindwa kujizuia. "Na hiki kipande cha madini ya risasi ulichobandika nyuma ya kichwa cha fimbo, cha nini?"

"Kukirudisha kichwa," Gidioni alisema. "Ngozi ilikimeza. Nikizungusha fimbo nilikuwa sikisikii kabisa, kama vile mbele hakuna kitu. Nikabandika risasi. Sasa nakisikia, lakini fimbo yote imekuwa nzito na bega linawaka moto."

"Si uikate ngozi, kijana wangu?"

"Siikati."

"Basi mwambie mwenyewe aipunguze."

"Simwambii."

Nilibana pumzi mpaka wakaondoka. Walipokwenda shimoni, niliutazama mfuko wa Bwana Karim alioegemeza kwenye jiwe. Adabu ilinikataza, lakini nikaufungua. Nikachagua fimbo ya chuma inayofanana na ya Gidioni, yenye mshikio mwembamba, nikaiweka juu ya kidole mpaka ikatulia bila kuanguka. Ilitulia karibu na kichwa. Palikuwa na nyingine ya zamani, mpini wake wa mti mnene. Hiyo ilikuwa nzito kuinua, lakini nilipoipunga kidogo kichwa chake kilijitangaza chenyewe, maana uzito wa mpini unasambaa kuelekea mbele, mbali na mikono. Ngozi yangu haisambai popote. Imekaa pale pale mkononi.

Sekondari tulifundishwa habari ya mizani na egemeo. Niliikariri na nikafaulu, na sikuwahi kufikiri kwamba itanifuata mpaka kwenye ndoa. Ukiipima fimbo ya Gidioni kwenye mizani ya duka, utaona nimeiongezea uzito. Ukiizungusha, nimekipunguza kichwa chake. Ngozi inavuta upande wa mikono, kichwa kinapoteza sauti, na mpigaji hajui tena kiko wapi.

Lakini si fizikia iliyonikosesha raha njia nzima ya kurudi nyumbani. Ni lile neno lake. Simwambii. Kama hawezi kuniambia kuhusu kipande cha ngozi, hayo maneno matamu anayoniambia kila asubuhi nitayaaminije?

Tulipofika, Gidioni aliingia kuoga. Mama mkwe, ambaye amekuja kutoka Mgori kutuletea uwele mpya, alikuwa uani anapepeta. Nikakaa karibu naye.

"Mama, Gidioni akichukizwa na kitu huwa anasema?"

"Gidioni? Huyo tangu mdogo msemaji. Ataniambia chumvi imezidi kabla hajameza."

"Mbona mimi haniambii?"

Hakuinua macho. "Wewe ni bibi harusi."

"Tangu Pasaka, mama?"

"Umevuna?"

Nikamwambia nitavuna nini, hata shamba langu mwenyewe sijalima, nasubiri mvua.

"Basi. Kwetu bibi harusi hasahihishwi mpaka avune shamba lake la kwanza. Akiunguza, tunakula. Akikosea, tunasifu. Mimi nilisifiwa msimu mzima, mwanangu. Siku nilipoingiza mavuno ghalani, mama mkwe wangu alianza kusema asubuhi akamaliza jioni."

Mvua hapa ni Desemba. Mavuno ni Juni ijayo. Mwaka mzima!

"Mama," nikasema, "uji wangu wa asubuhi..."

"Mtamu."

"Mama!"

"Nimekwambia hujavuna."

Uji. Mapazia niliyoshona. Kinyaturu changu, lugha ya kwao, ambacho wanakipigia makofi kila nikifungua mdomo. Sauti yangu kanisani. Wote wamekuwa wakinisifu, na mimi nimekuwa nikitembea hapa kichwa juu kama tausi, kumbe nimewekwa kwenye pamba mpaka msimu uishe.

Gidioni akatoka, taulo shingoni, maji yakimtiririka kwenye mabega yale. Hata katika hali ile nilimwona ni mzuri, na hilo likanikasirisha zaidi. Nikamwekea fimbo mbele yake.

"Gidioni, hii ngozi ni nzito?"

Akamtazama mama yake. Mama akazidi kupepeta kwa nguvu.

"Ni nzuri," akasema.

"Sijauliza kama ni nzuri."

"Ni kazi ya mikono yako. Naipenda."

"Hilo nalo sijauliza. Nilikuwa nyuma ya jiwe."

Akaishika fimbo mahali pa ngozi.

"Ni nzito," alisema taratibu. "Halafu ni nene, vidole havikutani. Nikipiga ni kama nimeshika mguu wa kitanda."

"Gidioni!" Ungo wa mama ukaanguka, uwele ukamwagika. "Mtoto wa watu hajavuna!"

"Ameuliza mwenyewe, mama."

"Hata akiuliza!"

Mguu wa kitanda. Nililia, sikatai. Nililia kama mtoto, na katikati ya kulia kicheko kikanitoka, na Gidioni akapiga magoti kwenye uwele uliomwagika akinishika viganja na kusema samahani, samahani, mpaka nikamwambia asithubutu kuirudisha kauli yake. Nilikuwa nimeipata kwa taabu. Nikamwambia akalete kisu.

Yeye hakuweza kuikata. Nilikata mimi, tabaka baada ya tabaka, mpaka likabaki moja jembamba. Risasi akaibandua kwa bisibisi. Nikaiweka fimbo juu ya kidole changu, nikamwonyesha jinsi mahali pa kutulia palivyosogea kuelekea kichwani. Akaichukua, akasimama katikati ya uwanja, akaizungusha. Hewa ikalia.

"Kimerudi," akasema.

Hapo akatabasamu, na mimi nikaona kitu ambacho sikukijua. Tabasamu hili sikuwa nimeliona tangu harusi. Lile la kila siku ni la kunitunza. Hili lilimtoka bila yeye kulituma. Nitalitafuta hili siku zote.

Mama mkwe aliokota uwele wake akilalamika kwa Kinyaturu. Sikuelewa yote, ila nilielewa kwamba sisi wasomi tumeharibika.

Gidioni alipokuwa anavaa kwenda kwaya, alisimama mlangoni akanitazama. "Mimi nimesema langu," akasema. "Na wewe je? Kuna kitu hujaniambia?"

"Sina," nikajibu. Upesi, tena kwa tabasamu.

Akaenda.

Na sikuwa nimejibu ukweli.

Alipopotea barabarani nilichukua fimbo, nikaenda nyuma ya nyumba. Nilijiambia nataka tu kuihakikisha kazi ya kisu. Nikaweka gunzi la mahindi chini, nikaizungusha kama nilivyomwona akifanya Jumamosi zote hizi. Kichwa kilibaki nyuma kidogo, kizito, nikakisikia kabisa kiko wapi, kisha kikanipita mbele na kunivuta bega, na gunzi likaruka juu ya ua likaangukia kwa jirani. Nilibaki nimesimama, nacheka peke yangu.

Mama mkwe alikuwa amechungulia pembeni ya nyumba.

"Umepiga vizuri," akasema.

"Mama, unasema kweli, au ni kwa sababu sijavuna?"

Akanitazama mimi, akaitazama fimbo, akaingia ndani na ungo wake.

Kila Jumamosi nimemwambia Gidioni kwamba napenda kukaa pale kumtazama. Nimemwambia alipokuwa bado anashinda, na nimemwambia akiwa ameshindwa. Nimemwambia kwa sauti tamu kabisa. Lakini sipendi. Miguu inaniwasha. Nimechoka na jiwe lile, nimechoka kushika kofia. Wanaume wanne wanatembea kiwanja kizima huku na huku wakitaniana, na mimi nafuata kivuli kinaposogea. Nimekuwa nikidhani kwamba kutotulia kwangu ni mapenzi mapya. Sehemu yake ni mapenzi. Sehemu nyingine ni kwamba nataka kupiga.

Sijui kama mwanamke yeyote wa hapa amewahi kuingia kwenye kiwanja kile na fimbo mkononi. Sijui Bwana Karim atasema nini. Mama mkwe najua atasema nini, ila atalazimika kungoja mpaka Juni ijayo.

Nimekwisha kuamua. Gidioni akirudi, kabla hajavua viatu, nitamwambia kwamba lile "sina" lilikuwa uongo, kwamba sitaki kumtazama tena, kwamba Jumamosi ijayo nataka zamu yangu na fimbo yetu. Nimelisema kwa sauti hapa kizingitini nisikie linavyosikika. Linasikika vibaya. Nitalisema hivyo hivyo.

Naogopa. Tangu anioe sijawahi kuogopa jibu la Gidioni, kwa sababu majibu yake yote yalikuwa ndiyo. Leo anaweza kusema hapana.