Karatasi yenye Mwaka Ambao Haujafika

Jumanne. Baridi kavu. Jua lipo, ila halipashi chochote.

Msemaji wa chama chake amethibitisha leo asubuhi kwamba Tilak, mbunge wa jimbo huko Nepal, ataapishwa Ijumaa kuwa waziri wa kazi wa jimbo lake. Taarifa ina kurasa mbili, na chini yake Tilak mwenyewe ametia saini. Wa kwanza unaeleza alivyopanda: mjumbe wa kata, mwenyekiti wa halmashauri, bunge la jimbo. Wa pili unaeleza alikoanzia. Alipokuwa fundi cherehani Johannesburg, inasema, alimkabili mwajiri na kurudisha pasipoti za wafanyakazi wote.

Neno “wote” limeniharibia chai.

Mama Neema, anayetoka Uvira, Kongo, alishona mapazia chumba kimoja na huyo Tilak, hapa Bertrams, mtaa wa Johannesburg. Karakana ilipofungwa mwajiri alitoweka, na pasipoti ya Mama Neema ikatoweka naye. Mpaka leo hajaiona. Keshokutwa, Alhamisi, anatakiwa kuionyesha idara ya uhamiaji kwamba alikuwa nchini mwaka pasipoti ilipochukuliwa. Akishindwa, faili lake la ukaazi linafungwa, na hakuna mlango mwingine wa kubisha.

Ushahidi alionao ni mmoja tu. Siku pasipoti zilipokusanywa alikataa kutoa yake bila karatasi. Aliyekuwa akizikusanya akachukua tiketi ya kukatia kitambaa, kile kikaratasi cha vipimo vya fundi, akaandika nyuma yake kwamba amepokea pasipoti ya Mama Neema kwa niaba ya bosi. Akatia saini na tarehe.

Tatizo ni tarehe. Mwaka ulioandikwa uko makumi ya miaka mbele yetu. Mwanasheria wa kwanza aliitazama akasema ni ya kughushi, tena imeghushiwa na mtu asiyejua kuhesabu.

Na mimi nilisema hivyohivyo. Alinijia miaka mitatu iliyopita akiwa na karatasi hiyo ndani ya mfuko wa plastiki, akaniomba niandike habari yake. Nilimwambia usoni kwamba siandiki juu ya karatasi ya uongo. Nilijiona makini sana siku ile.

Leo nilikwenda Troyeville, mtaa wa jirani, kwa katibu wa chama cha Wanepali wa mjini, mwenye duka la kutengeneza simu, kumuuliza kuhusu Tilak. Alinipa wasifu wa mheshimiwa uliochapwa kwao. Miaka yote humo ilikuwa ya ajabu: amechaguliwa mwaka ambao haujafika, amezaliwa mwaka ambao haujapita mbali. Nikamuuliza hii ni miaka ya wapi.

“Ya nyumbani,” akasema, akacheka, akaninyooshea kidole ukutani. “Dada, wewe mwandishi, hujaona?”

Kulikuwa na kalenda. Kila kisanduku kina tarehe mbili, kubwa ya kwao na ndogo ya kwetu. Kalenda yao iko mbele ya yetu kwa miaka hamsini na sita na miezi kadhaa.

Nilitoka pale bila kuaga vizuri.

Mama Neema yuko palepale siku zote, anapunguza suruali kwenye veranda ya saluni ya dada yake. Nilimwomba karatasi. Hakunyanyua macho.

“Weye mutoto ya Tanga, leo unaitaka? Ile ya uongo?”

“Leo naitaka, Mama.”

“Eish. Basi kwanza sema pole.”

Nikasema pole. Akanikazia macho mpaka nikasema mara ya pili, ndipo akatoa mfuko. Nilihesabu kwa kalenda ya katibu niliyoipiga picha. Mwaka ukaangukia ule anaousema yeye, mwezi uleule, wiki ileile. Hakuna wa kughushi kutoka Uvira ambaye angejua kukosea namna hiyo. Aliyeandika alikuwa na haraka, mkono ukaandika tarehe ya kwao.

Saini ni ya Tilak. Nimeilinganisha na iliyo chini ya taarifa ya leo.

Kwa hiyo aliyerudisha pasipoti ndiye aliyezikusanya. Katibu ananiambia Wanepali wawili walirudishiwa zao kweli, na ni Tilak aliyezileta. Hilo naliamini. Wawili si wote.

Saa kumi nilimpata Tilak kwa simu. Nilitarajia msaidizi, akapokea mwenyewe, na akaniongelesha Kiswahili cha kule karakanani.

“Habari ya Bertrams? Mama Neema iko muzima?”

Nikamweleza kuhusu karatasi.

“Iko naye ile yenyewe, ama kopi?”

Nimefanya kazi hii miaka mingi. Mtu asiye na la kuficha huuliza karatasi inasema nini. Yeye aliuliza iko wapi.

Kisha akawa mpole sana. Akasema wakati ule alikuwa kijana, bosi alimtuma, hakuwa na la kufanya. Akasema ataandika barua rasmi ya kumtambua Mama, yenye mhuri, itamfaa kuliko kikaratasi. Anachoomba ni kutumiwa kwanza ile ya asili, “kwa kumbukumbu zangu, dada”.

Nilimpigia Mama Neema nikamsomea ombi hilo neno kwa neno, kwa sababu karatasi ni yake, si yangu.

“Nilimupa pasipoti, akanipa karatasi,” akasema. “Sasa nimupe karatasi, atanipa nini? Hapana. Mwambie aniletee pasipoti yangu.”

Nimemwambia.

Habari nimeiandika, ila naizuia mpaka karatasi isomwe na kuingizwa kwenye faili. Nimeshawahi kumkosesha nafasi mara moja kwa kujiona najua.

Alhamisi saa tatu asubuhi, Mama Neema na mimi, ofisini kwa mwanasheria mpya, atakayeipeleka karatasi uhamiaji siku hiyohiyo. Katibu ameahidi kuja kueleza kalenda yao kwa kiapo. Jioni hii amenipigia mara mbili kuuliza kama mheshimiwa anajua kwamba ni yeye atakayeeleza.

Sijui kama atatokea. Nimerudi Troyeville kabla hajafunga duka, nikanunua ile kalenda ya ukutani, ije nasi Alhamisi.