Mabuti ya Mpira Mwezi wa Nane

Lipangalala, Ifakara
Agosti 1996

Mdogo wangu Elinisafi,

Shikamoo yako mwanao Kiangi amenifikishia kabla hata hajatua mzigo. Naiitikia hapa: marahaba, mdogo wangu, wewe na mkeo na wote mlioko huko mlimani. Natumaini kifua chako kimepata nafuu baada ya baridi ya Julai, na kwamba migomba ya nyuma ya nyumba imesimama. Mimi si mzima. Moyo umechoka, maji yanajaa miguuni, na usiku nalala nimeegemea mito kama mtu aliye kitini. Nilimwuliza daktari kama nitaziona mvua za Machi. Alitazama dirishani, akasema tumshukuru Mungu kwa kila siku. Nimefundisha watoto tangu ujana wangu. Mtu asiyetaka kujibu swali namjua.

Barua yako niliisoma mara mbili. Umeandika kwamba nimeteseka vya kutosha katika nchi ya maji, kwamba umemtuma mwanao anichukue nikafie pakavu, na kwamba nafasi yangu pembeni ya mama imekwisha kusafishwa. Asante. Najua kazi ya kusafisha pale, na najua uliifanya kwa mikono yako. Lakini kabla hujaanza kuningoja kuna jambo ambalo sikuwahi kukuambia, na sasa siwezi tena kuliahirisha.

Nianze na siku Kiangi alipofika. Alishuka kwenye treni akaja kwa miguu kutoka stesheni, vumbi limempanda hadi kwenye nyusi. Begani alikuwa amening'iniza mabuti yako ya mpira, yale ya kuchungia ng'ombe, na mkononi ameshika mwavuli. Jirani yangu Mama Desideri alikuwa uani anapepeta mchele. Ni Mndamba, mwenyeji wa huku, rafiki yangu wa siku zote, na mdomo wake haujawahi kuwa na mlango.

"Mwalimu," akaniita, "njoo uone. Kuna kijana huku anakwenda kuvua kambale barabarani."

"Baba amesema nisije bila mabuti," Kiangi akajitetea. "Amesema huku matope yanafika magotini."

"Yanafika. Ila yamesafiri, baba. Yatarudi mwezi wa tatu. Utayangoja?"

Kijana alicheka, nami nikacheka naye, lakini nilipoingia ndani niliketi kitandani nikayafikiria yale mabuti. Ulikuwa umeyapaka mafuta. Ndipo nilipoelewa nilichowafanyia.

Elinisafi, barua zangu zote nilizowaandikia niliziandika masika. Kumbuka vizuri utaona. Huku, mvua zikianza, watu wanavuka mto kwenda mashambani. Wanahamia kwenye madungu, vibanda vya juu ya nguzo, wanakaa huko miezi wakilinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe. Mji unabaki mtupu. Mama Desideri naye alikuwa akienda. Mimi mwalimu nilibaki na mvua juu ya bati, shule imejaa maji, lori limekwama njiani, mbu ndani ya chandarua. Katika upweke huo ndipo nilipochukua kalamu. Kila nilichoandika kilikuwa kweli. Nyumba ilijaa maji kweli, malaria ililaza darasa zima kweli.

Kisha mvua zilikatika, mpunga ukavunwa, watu wakarudi mjini na magunia yao, na kiangazi kikaanza. Kiangazi sikuandika, kwa sababu nilikuwa na furaha na nilikuwa sipo nyumbani. Hilo ndilo jambo lenyewe. Nimeishi huku vizuri. Nusu ya kila mwaka nimeishi vizuri kuliko wengi ninaowajua, na ninyi hamkupata kuiona hiyo nusu. Nilipokuja likizo za Desemba mlinihurumia kabla sijafungua mdomo, mkanichinjia mbuzi, na huruma ile ilikuwa tamu; nikanyamaza. Uhamisho sikuwahi kuuomba.

Kiangi alikuwa na haraka ya kunipakia kwenye treni. Nilimwomba anipe siku chache kwanza. Nilitaka aone kwa macho yake, maana maneno yangu matupu usingeyaamini.

Tulianza na mnada. Kutembea siwezi tena, kwa hiyo alinikalisha kwenye keria ya baiskeli ya Mama Desideri, mto chini, naye akaikokota. Huku baiskeli hubeba kila kitu, magunia, wagonjwa, mabibi harusi, hakuna aliyenishangaa. Mitumba ilikuwa imemwagwa juu ya maturubai, na watu wanaichambua wameinama, wengi bado wamevaa fulana za uchaguzi wa mwaka jana. Kwa miaka yote nimekwenda mnadani kutafuta vitu visivyo na maana: kifuniko cha birika, fremu isiyo na picha, mara moja kinanda cha mdomo ambacho kilikuwa na sauti nne tu. Safari hii nilikuta koti la sufu, zito, la kijani. Muuzaji akasema, "Bibi, hilo hata mimi nalionea huruma. Nani atalivaa Ifakara?" Nikamwambia ninaye mdogo wangu anayeishi kwenye ukungu. Kiangi anakuletea. Kifungo cha juu nimekishona upya.

Siku nyingine tulikwenda porini kwa baiskeli ileile, chini ya milima. Ni matembezi yangu ya Jumamosi tangu nilipofika huku nikiwa msichana mwenye cheti kipya. Mwezi huu nyasi zimeungua, unaona mbali katikati ya miti, na miombo inatoa majani mapya mekundu wakati ardhi bado ni kavu kabisa. Sijui inayapata wapi maji. Niliwafundisha watoto kwamba mizizi yake huenda chini sana, lakini bado kila mwaka nimeshangaa. Kiangi alipasua tonga, tunda la porini, juu ya jiwe, tukala, mbegu tukazitema majivuni.

"Shangazi, ulikuwa unakuja hapa siku zote?"

"Kila kiangazi."

"Baba anajua?"

"Hajui."

"Na bibi?"

Nikamwambia naye hakujua. Akafuta kisu chake kwenye suruali taratibu.

"Bibi alikuwa analia, shangazi. Mvua ikianza tu kule nyumbani, analia. Anasema, Nakijwa wangu sasa anaelea."

Sikuwa nimeambiwa hilo. Sikulaumu kwa kunificha. Ulinionea huruma, kama nyote. Lakini nimelibeba tangu siku hiyo, na ni zito kuliko maji ya miguuni. Laiti ningemwandikia mama barua moja tu ya mwezi wa nane. Ukurasa mmoja ungetosha: mama, leo nimekula matonga.

Jumapili jioni ilikuwa ngoma, mtaa wa Viwanja Sitini. Enzi zangu bendi zilikuja kutoka miji mikubwa kila kiangazi, barabara ikipitika na watu wakiwa wameuza mpunga, na nilikwenda, binti wa mzee wa kanisa, nikacheza hadi viatu vikanibana. Safari hii ilikuwa sangula, ngoma ya wenyeji, uwanjani. Waliniwekea kiti. Mama Desideri aliingia katikati akamvuta Kiangi mkono.

"Mpare, achia mabega. Huku hatubebi mawe."

"Sijui kucheza, mama."

"Shangazi yako alisema hivyohivyo. Yeye tulimfundisha kwa mwaka mmoja."

Akacheza, Elinisafi. Vibaya, lakini akacheza, na aliporudi kwangu anatiririka jasho hakusema tena habari ya treni.

Sasa ombi langu. Nataka kuzikwa huku. Kuna mahali pakavu hapa Lipangalala, penye miti, nimepaona na nimepaomba. Najua maana yake kwa ukoo. Najua watakuuliza msibani mwili uko wapi, na wewe ndiye utakayejibu. Tena najua kwamba bila neno lako hakuna jirani atakayethubutu kunifukia. Wataniweka wakingoja ndugu, kama inavyopasa. Kwa hiyo sikuagizi. Nakuomba, mimi mkubwa wako. Ukikubali, mwandikie barua Mama Desideri, mstari mmoja unatosha. Ukikataa, nitachukuliwa na sitanung'unika, maana ninyi mmenililia kwa miaka mingi mateso ambayo nusu yake haikuwepo, na nina deni nanyi. Ila ukikubali, nafasi ile pembeni ya mama usiiache wazi. Panda mgomba, mama atapata kivuli.

Nisalimie shemeji yako wa kike wa pale juu, mjane wa kaka yetu, mwambie sweta lake ninalo hadi leo. Salamu kwa mwinjilisti, na kwa yule mwenzangu wa darasani anayeuza tangawizi sokoni kama bado macho yake yanaona. Wajukuu wako wabusu usoni mmoja mmoja.

Kiangi anarudi bila mimi na bila mabuti. Usimkaripie, nimemzuia mimi asiyachukue. Nikiondoka kiangazi, njoo na viatu vyako vya kanisani tu, na Mama Desideri atakupeleka porini uone yale majani. Nikiondoka masika, shuka na viatu vyovyote. Atakungoja stesheni na mabuti yako. Yapo nyuma ya mlango wangu, nimeyapaka mafuta.

Dada yako anayekupenda,
Nakijwa