Ulimtoa Bibi kwenye Picha

Kabasa, Bunda
15 Juni 1975

Kaka Felisian,

Shikamoo kaka. Naomba barua hii ikukute mzima, na kazi yako ya kamera huko Dar es Salaam iwe inaendelea. Sisi tunaamka salama. Mama kifua kimemwachia, Baba hajambo, na Bibi Nyamburi bado anauliza kama huko mjini unapata ugali wa mtama au unalishwa mikate tu. Mimi nimefunga shule, nimerudi kutoka Musoma. Kidato cha pili kinanipeleka puta, hesabu hasa.

Kaka, sinema yako imefika. Gari la sinema liliileta Alhamisi, ikaonyeshwa mchana ndani ya ghala la pamba la ushirika, madirisha yamezibwa kwa magunia. Watu walijaa mpaka wengine wakapanda juu ya marundo ya pamba. Baba alivaa koti lake la kanisani. Alimwambia kila aliyekaa karibu kwamba picha hizi kapiga kijana wake, na ambaye hakusikia alirudiwa.

Shida ilikuwa maneno yake, yalikuwa ya Kiingereza. Mwenye gari alisema ya Kiswahili bado yanatengenezwa. Basi mwalimu mkuu akaninyooshea kidole, akasema binti Magesa anasoma Musoma, ashike kipaza sauti atafsiri. Unanijua mimi, hata kuomba chumvi kwa jirani naona haya. Nilikishika kwa mikono miwili.

Mwanzoni nilijivuna. Wanaolima uliwapiga picha kutoka chini, nikakumbuka ulivyolala kwenye mtaro ukichafua shati. Mzee Ryoba, ambaye hata mimi nampita kimo, alikuwa mrefu kama mkuyu, na watu wakaanza kumwita Mnara. Mikono yao uliileta karibu mpaka nyufa za kucha zikaonekana. Kisha akaja Baba.

Amekaa peke yake kwenye kichuguu, jembe liko chini. Ulimpiga kutoka juu ya lori, kawa mdogo kama mtoto aliyesusa. Anatabasamu. Majembe ya wenzake yanapanda, yanashuka, halafu Baba anatabasamu. Jasho, tena majembe, halafu Baba. Ile sauti ya Kiingereza ikasema kila kijiji kina kupe wake, anayekaa wakati wenzake wanachoka.

Siku ile nilikuwepo, kaka. Begi lako nilibeba mimi. Tangu Operesheni Vijiji imlete Bibi kijijini kwetu, yeye na Baba wanalima shamba moja, na Baba hawezi kuinama mbele ya mama mkwe wake. Anakaa kando mpaka Bibi amalize mstari atoke, ndipo anaingia na kulima mpaka jioni, wenzake wakiwa wamesharudi nyumbani. Hata mtoto mdogo wa Kabasa anajua hivyo, sembuse wewe. Bibi alikuwa palepale, hatua chache kutoka kwenye kichuguu. Juu ya lori ukasogeza ile miguu mitatu ya kamera, ukaisogeza tena, mpaka Bibi akatoka kwenye picha. Nikauliza kwa nini. Ukasema, "Jua linampiga vibaya." Nikaamini. Halafu ukiwa hukohuko juu ulimpungia Baba mkono. Ndiyo maana anatabasamu. Ulimwengu wote utadhani anawacheka wanaolima, kumbe anakuchekea wewe.

Ulinifundishaga mwenyewe tukichunga ng'ombe, kwa ganda la kiberiti lisilo na njiti. Weka jichoni, ukasema, kilichobaki nje ya ganda hakipo. Nilidhani tunacheza.

Sasa niungame. Lilipokuja lile neno la kupe nilinyamaza. Watu wakadhani Kiingereza kimenishinda, na huko nyuma mtu akatania kwamba ng'ombe wa ada wa Magesa kaenda bure. Ndipo nikasema kwenye kipaza sauti, "Mzee huyu anampisha mkwe wake amalize mstari. Kijiji ni kipya, heshima ni ileile." Mwalimu mkuu aligeuka akanitazama, kisha akarudisha macho kwenye picha. Watu wakapiga makofi. Bibi, huko upande wa kina mama, akafunika uso kwa khanga akicheka. Na kila Baba aliporudi kwenye picha nikamtungia jema lingine.

Siku ya Saba Saba sinema hiyo itaonyeshwa Butiama, na mwenye gari ameniambia nisihangaike kwenda, Kiswahili cha sinema yenyewe kitakuwa tayari. Lakini Baba anakwenda. Ameshawatumia wajomba wa huko salamu wamwekee nafasi mbele, akae nao, shemeji zake wote. Anasema anataka kuyasikia tena yale maneno mazuri uliyomwandikia. Anafikiri ni ya kwako, kaka. Kila nikifungua mdomo nimwambie, anaanza kupangusa koti.

Sikuombi unieleze kwa nini. Ninachoomba ni uje. Pitia Mwanza, ufike Butiama kabla ya siku hiyo, ukae ubavuni mwake sauti itakapofika kwenye kichuguu. Usipokuja nitakaa mimi, lakini atakayetafutwa kwa macho ni wewe.

Mama anakusalimu. Bibi anakusalimu, anasema ule. Baba anakusalimu sana sana, na ameniambia nisisahau kuandika hili: ahsante kwa picha.

Mdogo wako,
Eufrasia