Websaiti ya Chebet Haifunguki

Chebet, ile websaiti yako haifunguki, na Naomi anasema haitafunguka hata siku moja. Nisamehe nimeanza hivyo kabla sijakusalimia. Uko aje, mwanangu? Hapa Kimumu tuko, mvua imeanza, mahindi imetoka vizuri.

Wacha nikueleze. Mwaka unaisha tangu tukuzike, na tunakufanyia maombi ya ukumbusho. Nikasema kadi ya mtoto wangu haitafanana na za watu wengine. Nikafungua kile kitabu ulikuwa unafundishia kompyuta, nikapata ukurasa uliochora kwa mkono wako: kisanduku cha picha, "Karibu kwa Mwalimu Chebet", na juu kabisa jina, chebet.example. Nikajua ni yako. Nikaipeleka ikachapwa kwa kila kadi, eti mtembeleeni hapo. Kanisani nikasimama nikatangaza. Si unanijua. Nilisema kutoka hapa hadi Kesses hakuna mama amezaa kama mimi.

Mama Faith wa jirani ndiye alijaribu kwanza, na ile simu yake kubwa. Akaniuliza mbele ya wamama wote, "Mama Chebet, kwani huyu mtoto alifunga na kufuli?" Nikacheka nao.

Nikamwita Naomi, yule mlikuwa mnafundisha naye. Nikamwambia aifungue, ama kama iliisha ainunue tena. Akanishika mkono. Akasema majina ya kuishia na .example yalitengwa yawe ya vitabu na ya kujaribia tu, ndio mwalimu akiandika mfano asisumbue mwenye jina. Hakuna mtu anaweza kuuziwa, hata awe nani. Ulikuwa unachorea wanafunzi.

Hapo nikakumbuka siku ulinifundisha kutuma meseji, tukipukuchua mahindi. Nilibuni namba, nikatuma, mwanaume fulani akapiga akiuliza mimi ni nani wake. Ulicheka mpaka ukashika tumbo. Halafu ukaniambia, "Mama, mfano usiwe wa mtu." Kumbe ulikuwa umenieleza kitambo.

Naomi anasema anaweza kutengeneza nyingine, ya jina tofauti. Lakini ndani ataweka nini? Maneno yako yaliishia kwa huo ukurasa. Kile kisanduku cha picha uliacha tupu. Nakiangalia kila asubuhi.

Na kadi zimeshafika kila mahali, hadi kwa shangazi zako kule mtaa wa Pioneer. Siwezi kuzirudisha. Watatoa simu, watafinya, watangoja. Nitawaambia nini, Chebet?

Pumzika, mwalimu wangu. Nakuahidi hawatasema wewe ndiye ulikosea. Nitasimama niseme ni mimi sikujua, mimi na mdomo wangu. Kisha nitakaa na kitabu chako kwa magoti, kimefunguliwa hapo, anayetaka kukutembelea aje karibu asome. Wote wanakuja Jumamosi.