Kopo la Nne la Fataki

Baba yangu mpendwa,

Ni miezi mitatu tangu tulipokuzika kule Sigino, na bado nimekukasirikia. Uliharakisha. Kuna habari ungeipata kama ungengoja mpaka mavuno haya, nami sina njia nyingine ya kukufikishia ila hii ya kuandika hadharani.

Unaukumbuka mwaka ule wa msako wa walanguzi. Duka la ushirika lilikuwa na rafu tupu na majembe mawili yasiyo na mipini. Aliyekutwa na bidhaa asizoweza kuzieleza alipakiwa garini, na hapa Maisaka watu walianza kufukia mafuta ya kula shambani. Wewe, mwalimu wa sayansi, ulikuwa na makopo ya maziwa ya unga chini ya kitanda. Dirisha la maabara ya shule lilivunjwa, ukaruhusiwa kuhifadhi nyumbani, ndani ya makopo hayo, zile chumvi za kemia ulizotaka kutengenezea fataki za mahafali.

Nilikuwa na miaka kumi, na ulinifundisha kama mtu mzima. "Fataki si uchawi," ulisema. "Inataka kitu cha kuungua, inataka shura ya kukipa oksijeni kwa haraka, na inataka chumvi ya metali ya kuleta rangi. Moto huisukuma metali, nayo ikitulia hutema mwanga wake. Strontiamu nyekundu, bariamu kijani. Ukiibana ndani ya karatasi, gesi inakosa pa kwenda, inapasua. Ukiiachia tundu chini, inaruka." Kisha ulimalizia na neno lako: "Moto hausemi uongo, mwanangu."

Makopo yako yalikuwa matatu. La nne lilikuwa la mama: sukari ya harusi ya dada Paskalina, aliyoipata kwa mlango wa nyuma wa duka moja mjini. Alilifunga kwa karatasi kama yale yako, na wewe, uliyemkata mwanafunzi maksi kwa nukta moja, ukanyamaza. Nililijua kopo hilo vizuri kwa sababu nilikuwa nachovya kidole. Usinikaripie sasa, umechelewa.

Walikuja Jumamosi asubuhi, mama akichemsha makande. Mzee Bura, balozi wetu wa nyumba kumi, na mgambo wawili nisiowajua.

"Mwalimu, tusameheane," alisema balozi. "Tumeambiwa humu mna sukari."

"Kuna dawa za shule, balozi."

Makopo yakaletwa jikoni. Mgambo mrefu akafungua la kwanza, akalowesha kidole kwa mate, akakichovya. Ulimshika mkono, baba. Sijawahi kukuona ukimshika mtu hivyo. "Usilambe! Hiyo ni bariamu, itakuua."

"Kila mwenye sukari anasema ni sumu," akajibu yule, lakini kidole kilibaki hewani.

Basi ukachota kidogo, ukakitupia kwenye mafiga. Mwali ukawa kijani. Mgambo mwenzake akarudi nyuma na kumtaja Mungu. La pili likatoa wekundu. La tatu, shura, likafanya makaa yachachatike na kutema cheche. Kwa dakika chache ulikuwa darasani, ukieleza, na mimi niliona fahari hadi nikasahau kuogopa.

"Na hili?" akauliza yule mrefu, mguu wake ukigusa la nne.

Mama aliacha kukoroga. Mimi nilijua, kwa somo lako mwenyewe, kwamba sukari peke yake motoni huyeyuka, hugeuka kahawia, na kukusaliti. Nilibana mapaja nisijikojolee. Ukainama kulifunika kopo la shura, na niliona mkono wako wa kushoto ukiingia humo na kutoka umefumba. Kisha wa kulia ukachota sukari. Ukavitupa vyote pamoja.

Moto uliruka mpaka usawa wa kifua chako, mweupe wenye zambarau, na moshi ukajaa jiko zima. "Hili ndilo kali kuliko yote," ulisema, na sauti yako haikuwa yako.

"Tosha, tosha!" Balozi alikuwa akikohoa, ameshawasukuma wenzake mlangoni. "Mtatuchomea mtaa. Twendeni."

Walipoondoka uliketi kwenye gunia la mahindi. Ukaniuliza, "Umeona nini?"

"Nimeona fataki, baba."

Jumatatu ulirudisha makopo shuleni, na mahafali yalipita bila fataki. Harusini ulikunywa chai bila sukari, ukasema jino linauma. Hukulirudia tena lile neno lako kuhusu moto, na ukikutana na Mzee Bura njiani ulimsalimu ukitazama chini. Miaka yote hiyo! Niliona jambo hilo linakutafuna, nami sikuthubutu kulitaja. Naona aibu kwa hilo kuliko kwa kidole changu.

Wiki iliyopita nilikwenda kwake Nakwa. Amezeeka, anatembelea fimbo, lakini akili iko palepale. Baada ya shikamoo nilimweleza yote, nikamwomba msamaha kwa niaba yako.

Alicheka hadi akajifuta macho. "Mwanangu, miezi saba sikuwa nimeonja sukari. Unadhani ikiungua mbele ya pua yangu nisingeijua harufu yake? Wale vijana walikuwa wageni na walishaogopa. Nilikohoa kwa makusudi."

Kisha akaniuliza kwa upole: "Ndiyo maana hakunitazama tena? Mimi nilidhani Mwalimu ananichukia kwa kuleta mgambo nyumbani kwake."

Pumzika, baba. Nimemtazama kwa niaba yako.

Mwanao mdomo mtamu,
kitinda mimba wako wa Maisaka